Feni za Kimya

Roland Pawlak alikuwa mkono wa birika, na hakuona haya kujulikana hivyo. Sepetu yake ya theluji ilikuwa ya plastiki. Ilivunjika, akaifunga waya, ikavunjika tena, akaitukana majira matatu ya baridi mfululizo badala ya kwenda kununua ya chuma. Kwa hiyo Ijumaa ile jioni, Janine aliposikia mume wake anabishana na binti yao mezani, baba anataka kitu cha bei kubwa na mtoto anataka cha bei ndogo, alifunga bomba la maji ili asikie vizuri.

"Nakwambia chukua hii," Roland alisema, akigonga kidole kwenye simu ya binti yake. Alisita kidogo kutafuta pumzi. Mpira wa oksijeni ulipita chini ya pua yake, ukazunguka masikio, ukateremka sakafuni hadi kwenye mashine iliyokuwa inanguruma sebuleni. "Wati mia nane na hamsini. Waranti miaka kumi."

"Baba, hiyo ni pawasaplai tu. Kazi yake kugawa umeme. Kompyuta yetu haitatumia hata nusu ya wati hizo."

"Leo. Na siku ukitaka kuweka kadi ya picha kubwa zaidi?"

"Siku hiyo nitanunua nyingine."

"Kwa hela ya nani?"

Brielle akacheka kwa pua. "Makubwa! Wewe leo ndiye unanunua kitu cha miaka kumi? Wewe, hata soksi hununui za mwaka mmoja."

"Soksi zangu hazikuhusu."

"Zinanihusu, mimi ndiye ninayezinusa."

Walicheka wote wawili, halafu kicheko cha Roland kikageuka kikohozi, na kikohozi kikawa kirefu. Brielle aliendelea kutazama simu, maana baba yake hakupenda kutazamwa akikohoa. Janine naye aliifuta sahani iliyokwisha kukauka. Nyumba nzima ilikuwa imejifunza kungoja.

Mambo yalianza kwa kompyuta mpakato ya Brielle. Mwaka jana Roland alipoambiwa hawezi tena kwenda kwenye ghuba kuvua samaki juu ya barafu, kwamba baridi ile ingemmaliza, binti yake alimkalisha kwenye kochi, akamtia kidude cha kuchezea mkononi na kumfundisha gemu la kuendesha malori. Mtu aliyefanya kazi miaka ishirini na mitano katika kiwanda cha kuyeyushia chuma, akivuta vumbi la mchanga kifuani, sasa alikuwa anasafirisha mbao za kuchora kutoka mji hadi mji na kulalamikia bei ya mafuta ambayo haipo. Alilipenda kupita kiasi. Lakini kompyuta ilikuwa imechoka. Lori likipanda mlima kwenye gemu, kompyuta inapata moto, inapiga kelele, lori linakwenda kwa kurukaruka. "Inahema kama mimi," Roland alikuwa akisema.

Basi akauza kibanda chake cha kuvulia, pamoja na keekee ya kutobolea barafu na taa zake zote. Mnunuzi alikuwa Duane, waliyefanya naye kazi tanuri moja, naye aliomba apunguziwe bei huku akitazama pembeni. Kisha akakiburuta kibanda hadi kwenye gari lake peke yake, kazi ambayo zamani wangeifanya wawili, huku Roland akimwelekeza kutoka dirishani. Dola elfu moja na mia moja. Janine, ambaye kazi yake ilikuwa kupakua chakula cha watoto wa shule, na aliyejua bili gani ilikuwa mezani na gani ilikuwa drooni, alizitazama zile noti na hakusema kitu.

Hakusema kwa sababu alijua jambo ambalo Brielle hakulijua. Mwezi wa Januari daktari wa mapafu aliwaambia wasipange chochote cha baada ya kiangazi. Alilisema kwa upole, akiwa amekaa na si kusimama, na Janine akaelewa kwa ule ukaaji wake tu. Kwenye gari Roland alimwambia, "Bri asijue kwanza. Nikimwambia sasa hatachagua kitu, atalia tu. Acha tuijenge hiyo kompyuta, tukimaliza nitamwambia mwenyewe."

"Mwanangu simfichi, Roland."

"Nipe mpaka tuijenge."

Alimpa. Lakini Jumatatu ijayo kilikuwa kinaletwa kitanda cha hospitali, kile cha kupanda na kushuka kwa umeme, na wauguzi wanaokuja na kitanda kile hawaji kumponya mtu. Kitanda hakifichiki. Usiku wa Jumatano Janine alimwambia mume wake, "Jumapili ndiyo mwisho. Usiposema wewe, nasema mimi."

Mezani ubishi ulikuwa umehamia kwenye kasha la kuwekea kompyuta.

"Lile kubwa," Roland alisema. "La kioo. Si ndilo uliloliimba wiki nzima? Lina nafasi, utaongeza chochote."

"Nimebadili mawazo. Nataka dogo. Hili, la kuweka hata juu ya stuli."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

"Jumanne ulikuwa unataka taa za rangi saba na kioo kila upande!"

"Jumanne nilikuwa mtoto," Brielle alijibu, na akatoka kwenda zake juu.

"Huyu naye," Roland alimwambia mkewe. "Dakika mbili tu na keshakuwa mtu mwingine."

*

Duka lilikuwa kusini, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Kule prosesa, ile akili ya kompyuta, ubao mkuu na memori huuzwa pamoja kwa bei ya kutupa, ila lazima uende mwenyewe kwa miguu yako, na kila nyumba inapewa seti moja tu. Watu wa gemu wa Michigan huliendea duka lile kama wanakwenda kuhiji. Roland alikataa katakata kubaki nyumbani. Alivaa koti lake la kanisani, akavuta mtungi wake mdogo wa oksijeni wenye magurudumu, akaingia mlangoni kifua mbele.

Kifua kiliishia kwenye rafu ya tatu. Palikuwa na viti vya kuchezea gemu vimepangwa, vyekundu, vyenye migongo kama viti vya magari ya mashindano. Roland alikaa kwenye kimoja na kufumba macho. Kijana wa duka, ambaye kibandiko chake kiliandikwa Trevor, akaja mbio.

"Samahani, mzee. Hivyo ni vya maonyesho. Tumeambiwa watu wasikae muda mrefu."

"Huo mtungi unauona," Brielle alimwambia, "au unadhani ni begi la shule?"

"Bri."

"Baba, hawezi kukuambia—"

"Kijana yuko kazini. Muache." Roland akainuka kwa kushika rafu, taratibu, watu wawili wenye matoroli wakimpisha na kujifanya wanasoma bei. Janine alimshika kiwiko. Aliona aibu, kisha akaona aibu kwa kuona aibu. Trevor naye aliiva uso mzima. Alipotea nyuma ya duka, akarudi na stuli yake mwenyewe ya stoo, akaiweka chini, na tangu hapo hakuwaacha mpaka walipolipa.

Seti ya prosesa ilipatikana, ile ya bei nafuu ambayo prosesa yake haitoi picha yenyewe bali hutegemea kadi. Walichukua ubao ambao Roland aliutaka, unaokubali prosesa za miaka ijayo. Brielle hakubisha. Walichukua kasha dogo ambalo Brielle alilitaka, na Roland akagunaguna. Kwenye kadi za picha ndipo mambo yalipoharibika. Kadi waliyokubaliana kwa wiki tatu ilikuwa tayari kwenye toroli. Brielle aliitoa, akairudisha kwenye rafu, akachukua ndogo yake. Halafu kwa ile tofauti ya bei akaanza kupanga kwenye toroli feni za rangi ya udongo, mbaya kwa sura, na kipozeo cha prosesa kikubwa kama tofali.

"Unafanya nini?" Roland aliuliza kutoka kwenye stuli.

"Hizi ndizo feni za kimya kabisa. Nimesoma."

"Kimya? Unatoa kadi kwa ajili ya feni? Kadi ndiyo gemu lenyewe, mtoto wewe! Kijana, mwambie."

Trevor alijikuna shingo. "Kusema kweli, dada, kwa bajeti hii wengi huweka hela kwenye kadi. Feni zinazokuja na kasha zinatosha. Zinavuma kidogo, lakini ukivaa spika za masikioni husikii."

"Mimi sizungumzii masikio yangu."

"Tangu lini wewe ukaogopa kelele?" Roland alisema. "Unalala na muziki masikioni!"

"Nimesema sitaki kelele, baba." Sauti yake ilipanda, ikavunjika katikati, na mtu wa rafu ya pili akageuka. "Kitu kimoja tu nimeomba. Kimoja."

Roland alikuwa ameuza kibanda chake ili mtoto afurahi, na sasa mtoto alikuwa amesimama katikati ya duka machozi yakimlengalenga kwa ajili ya feni. "Haya," alisema. "Haya, mama. Feni."

Kisha Brielle alifanya jambo ambalo Janine alilikumbuka baadaye. Alikwenda mwenyewe kwenye rafu ya pawasaplai, akaipita ile ya bei nafuu aliyokuwa ameitetea, akachukua boksi la baba yake, lile zito. Alilisoma ubavuni, pale palipoandikwa miaka kumi kwa tarakimu kubwa. Alilisoma muda mrefu kwa boksi lenye maneno machache vile. Akalileta kwenye toroli na kulilaza juu ya mengine kwa mikono miwili.

"Hii hapa yako," alisema.

*

Jumapili baada ya chakula cha mchana waliondoa kitambaa mezani. Brielle alivua soksi, akagusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini umtoke, akamlazimisha na baba yake aguse. Roland alikabidhiwa tochi na kisahani cha skrubu. Janine alikaa na nguo za kukunja ambazo hakuzikunja.

Alimtazama mume wake. Roland alikwepa macho yake, halafu akajikaza kisabuni.

"Bri, kuna jambo nilitaka—"

"Mulika hapa, baba. Hapo. Nyosha mkono."

Alimulika. Prosesa ililala mahali pake, mkono wa chuma ukashuka ukabana. Memori ziliingia kwa mlio mdogo, mmoja, wa pili. Roland alisubiri kipozeo kifungwe.

"Unajua Januari tulipokwenda kwa daktari—"

"Skrubu ndefu. Si hiyo. Ndefu."

Mara ya tatu hakumalizia hata neno la kwanza, akakohoa mpaka tochi ikamtoka mkononi, na Brielle akaiokota na kumrudishia bila kumtazama. Janine alisimama ili aseme yeye. Roland akamwinulia kiganja: bado. Alikuwa na uso wa mtu anayeomba, na Janine, ambaye aliahidi Jumapili, akajiambia Jumapili bado haijaisha.

Pawasaplai ilipata tabu kuingia kwenye kasha dogo. Nyaya zake zilikuwa nyingi, ilibidi zisukumwe kwa vidole kama mtu anayefunga sanduku la safari. "Ningekuwa na kasha kubwa," Roland alisema, "yasingekuwa haya."

"Na ningekuwa na pawasaplai ndogo," Brielle alisema, "yasingekuwa haya."

Wakatabasamu. Brielle alipofunga ubavu wa kasha, Roland aliomba kazi ya mwisho. Alitaka na yeye awe amefanya kitu zaidi ya kushika taa. Brielle alimpa waya wa skrini, akamwambia auchomeke nyuma. Roland aliinama, mpira wa oksijeni ukakazana, akapapasa, akauchomeka. Alirudi kitini jasho likimtoka.

"Washa wewe," Brielle alimwambia.

Alibonyeza. Kitaa kidogo kiliwaka mbele. Hakuna kilichosikika. Skrini ilibaki nyeusi. Walisubiri, na katika nyumba ile sauti pekee ilikuwa mashine ya oksijeni sebuleni, ikivuta, ikisukuma.

"Imekufa," Roland alisema.

"Subiri."

"Haizunguki. Haina sauti. Tumeiunguza. Mimi ndiye niliyebana ile..." Hakumaliza. Aliweka viganja viwili mezani, na yule mwanamume ambaye hakulia alipozikwa mama yake, ambaye kwa daktari aliuliza tu maegesho ni dola ngapi, aliangua kilio mbele ya kasha la chuma. Alilia kwa kukosa pumzi, mabega yakimruka. "Nilitaka uwe nayo. Hii moja tu. Nilitaka uwe na kitu ambacho hakiharibiki."

Janine alimfikia upande mmoja. Brielle alikuwa amekwenda nyuma ya meza. Alipiga magoti, akatazama, akachomoa waya na kuuchomeka tena kwenye shimo la chini.

"Baba. Tazama."

Skrini ilikuwa imewaka, herufi nyeupe zikipanda.

"Ulichomeka kwenye ubao, si kwenye kadi. Kila mtu hukosea hapo, kila mtu. Ilikuwa hai muda wote. Ni kwamba haisikiki." Alibaki palepale sakafuni, nyuma ya miguu ya meza, wazazi wake wakimwona kichwa tu. "Si ndivyo nilivyotaka?"

Roland alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Ni nzuri. Itakaa vizuri huko chumbani kwako."

"Haiendi chumbani kwangu. Itakaa sebuleni, kwenye stuli, kati ya dirisha na kitanda."

Hakuna aliyeuliza kitanda gani.

"Walipiga simu Alhamisi," Brielle alisema. "Mama ulikuwa kazini, baba umelala. Wakaulizia upana wa mlango wa sebule. Nikaenda nikaupima, nikawaambia. Halafu nikawauliza kitanda chenyewe kina urefu gani, nikapima na nafasi inayobaki. Kasha kubwa lisingeingia."

"Bri," Janine alisema.

"Sikutaka ivume ukiwa umelala, baba. Mashine yako peke yake inatosha. Na mkinipeleka juu na kompyuta yangu nitakuwa juu, na wewe chini, na sitaki." Sasa alikuwa analia wazi, kamasi zinamtoka, kama alipokuwa na miaka sita. "Nilijua kitanda kinakuja. Sikutaka kujua ni cha nini. Nikajidanganya labda ni cha mgongo. Mpaka ukakazania miaka kumi. Wewe! Ndipo nikajua hutakuwepo kununua nyingine."

Roland alinyoosha mkono chini ya meza kwa sababu hakuweza kupiga magoti, na Brielle akaushika hukohuko chini. Jambo ambalo Roland alilifanyia mazoezi mwezi mzima halikuhitajika tena. Janine alijisikia mwepesi kwa nukta moja, halafu akajichukia. Yeye na mume wake walikuwa wamemwacha mtoto alibebe peke yake, siku tatu, pamoja na futi ya kupimia.

"Mpaka kiangazi?" Brielle aliuliza.

"Labda kabla."

"Sawa," alisema. Haikuwa sawa hata kidogo. Alijipangusa, akainuka, na kumwambia baba yake asogee ili waanze kupakia lile gemu.

*

Kitanda kiliingia mlangoni Jumatatu bila kukwaruza hata rangi. Majuma yaliyofuata baba na binti waliendesha malori yao, Roland amelala nusu, Brielle ameketi kwenye mkeka na mgongo ameuegemeza kwenye chuma cha kitanda. Kadi ndogo haikuweza kuchora vizuri majani ya miti ya mbali, na Roland hakukoma kumkumbusha. "Ona msitu huo, kama brokoli. Tungechukua ile kubwa." Mikono ilipomlegea alibaki kutoa amri tu, punguza mwendo, washa taa, mizani hiyo usiipite. Mara nyingine alisinzia katikati ya safari na Brielle akaendelea kuendesha taratibu asimwamshe.

Alifariki mwishoni mwa Machi, wiki ambayo barafu ya ghuba ilikatika. Alikuwa usingizini, kompyuta inawaka pembeni.

Siku mbili baada ya mazishi wenye kitanda walikuja kuchukua kitanda. Kesho yake akaja mwenye mashine ya oksijeni. Alikuwa mtu wa makamo mwenye haraka zake, akamwonyesha Janine mahali pa kutia sahihi, akauzungusha mpira mkononi kama waya wa mashine ya kufagilia zulia, akabonyeza swichi. Ule mngurumo waliolala nao na kuamka nao kwa miezi kumi na minne ukakatika. Alifunga mlango nyuma yake, gari likaondoka.

Janine alikuwa jikoni aliposikia sauti. Ilikuwa nyembamba, ya kuendelea, kama mtu anapuliza hewa kwa midomo chumba cha pili. Alikwenda sebuleni. Brielle alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo hauna pa kuegemea, ameshika kidude bila kucheza. Lori lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara, taa zinawaka.

"Bri, hiyo kompyuta imeanza kupiga kelele. Iangalie mapema. Si ina waranti?"

"Haijaanza, mama," Brielle alisema. "Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mashine ya baba ndiyo ilikuwa inaifunika."

Sauti iliendelea, ndogo, ya feni tatu za rangi ya udongo.

"Nilitoa kadi nzima kwa ajili yake," Brielle alisema. "Kumbe asingeisikia hata kama ningenunua mbovu." Akanyoosha mkono kwenda kwenye kitufe.

"Usiizime," Janine alisema, na akaketi sakafuni nyuma ya binti yake, pale kitanda kilipokuwa, ili mtoto apate pa kuegemea.